Picha ya Ukutani Sio Ile ya Kuposti

Hii ni ile hotuba yangu ya Jumamosi, nimeiandika kwa ajili ya mliokosa kuja. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, msinisahihishe sana.

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mliojazana huko nyuma karibu na feni, mambo zenu. Nimeambiwa niongee kuhusu kukuza picha za mandhari mnazopiga likizo, namna ya kuchagua na namna ya kuziediti kabla hujaenda studio. Nitaanza na kuchagua, na nitakaa hapo muda mrefu, maana watu wengi wanaruka hiyo hatua wanaenda moja kwa moja kuchezea rangi. Msimamo wangu ni mmoja tu: picha ya kukuza mchagulie mtu ambaye hakuwepo. Wewe uliyekuwepo huaminiki, na sisemi kwa ubaya.

Ukiiangalia picha yako ya Irente kule Lushoto unasikia upepo, unakumbuka ile barabara ya kona kona toka Mombo, unakumbuka nani alitapika kwenye gari, unakumbuka mahindi ya kuchoma, na vyote hivyo unavisoma kwenye picha wakati havimo. Mgeni atakayekaa sebuleni kwako hana hayo mambo, yeye ataona bonde limejaa weupe weupe na nusu ya kichwa cha shemeji yako pembeni. Na wewe mwenyewe baada ya mwaka mmoja miwili utakuwa karibu na huyo mgeni, kumbukumbu zitakuwa zimepungua na picha itabaki na kile kilichomo ndani yake tu, alafu ndo uko nayo ukutani kila siku.

Kwa hiyo ukirudi usikimbilie kuchagua. Zile za kuposti posti, watu wajue umefika, hamna shida, ila za kukuza ziache zilale kwanza wiki kadhaa mpaka joto la safari lishuke. Alafu siku una nafasi zipitie zote harakaharaka bila kufikiria sana, kila inayokusimamisha ipe ile alama ya moyo, usifute kitu bado. Kisha hizo zenye moyo ziangalie zikiwa ndogo kabisa, zile zinazojipanga nne nne kwa mstari kwenye simu. Hapa watu wananishangaa, wanasema sisi tunataka kukuza wewe unatuambia tupunguze. Ndio. Picha ikiwa ndogo vitu vidogo vidogo vinapotea, linabaki umbo tu, giza liko wapi, mwanga uko wapi, jicho linaingilia upande gani na linaishia wapi. Ambayo ikiwa ndogo ni kijivu tupu, ukiikuza utapata kijivu kikubwa.

Zikibaki chache muite mtu ambaye hamkwenda wote, jirani, dada wa saluni, yeyote, mpe simu alafu nyamaza. Usimwambie hapa ndo tulikutana na nyani. Nyamaza kabisa, angalia tu ni ipi anakaa nayo muda mrefu. Mara nyingi haitakuwa ile uliyoipenda wewe.

Sasa najua hapa nitagombana na watu: machweo. Kila aliyeenda Nungwi au Kendwa ana jua linazama na jahazi linapita mbele yake, na mi sikatai, kwenye simu inapendeza kweli kwa sababu skrini inatoa mwanga wake yenyewe, lile jua linawaka. Karatasi haiwaki. Karatasi inarudisha tu mwanga wa chumbani kwako, kwa hiyo lile jua linakuwa duara jeupe au la njano, na ile sehemu ya chini yote ambayo simu iliifanya nyeusi ili kuliokoa jua inakuwa nyeusi kweli kweli, nusu ya ukuta wako ni giza. Kama una machweo yenye mawingu yaliyosambaa, rangi zimegawanyika na maji yanarudisha mwanga, hapo sawa tuongee. Ila duara na kivuli cha mnazi, waachie kadi za posta.

Kinachobeba picha ya mandhari ukutani ni mwanga wa ubavuni. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linapanda wima wima, halizungukizunguki kama kule Ulaya, ndo maana ule mwanga mzuri wa asubuhi na jioni unapita chap, ukizubaa na chai umeshakwisha. Kuanzia kama saa nne mpaka saa tisa hivi jua linakuwa juu juu, vivuli vinakuwa vifupi na vinajificha chini ya vitu, milima inalala bapa, bonde halionekani kama lina kina. Kwa hiyo kama una picha za sehemu moja za saa moja asubuhi na za saa saba mchana, usihangaike, chukua ya asubuhi hata kama kwenye ile ya mchana mmevaa vizuri zaidi. Usambara ya asubuhi kila kilima kina upande wa mwanga na upande wa kivuli, unaona matuta yanafuatana mpaka mbali kule, na hicho kina hakuna programu itakutengenezea vizuri.

Haya, Ngorongoro, maana naona hilo ndo swali la nusu ya ukumbi. Umesimama pale ukingoni, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, chini yako kuna mita 600 hivi mpaka sakafu ya kreta, na mbele yako kuna kilomita karibu 19 mpaka ukuta wa pili. Kati yako na huo ukuta kuna hewa nyingi sana, na hewa sio tupu, ina vumbi, ina unyevu, na miezi ya kiangazi ina moshi wa nyasi zinazochomwa huko na huko. Jicho lako likiwa pale linazoea, ubongo unasafisha wenyewe, kamera haisafishi kitu, inakuletea bluu iliyopauka. Ndo maana kila mtu ana picha ya Ngorongoro na karibu kila mtu analalamika kwamba haikutoka kama alivyoona. Ukiwa na bahati ya kupita baada ya mvua kubwa, hewa imeoshwa, picha zinakuwa na ukali ambao huupati Agosti.

Sasa una hiyo iliyopauka na ndo unayo, hurudi tena kesho. Kwanza angalia kama ina kitu cha mbele, mti wa ukingoni, majani, mtu amesimama upande mmoja mdogo hivi anaangalia chini. Kama ina kitu cha mbele chenye weusi halisi, picha inaokoka, kwa sababu jicho lina mahali pa kuanzia na ule ukungu wa mbali unageuka kuwa umbali, unaeleza ukubwa wa mahali. Kama ni ukungu juu mpaka chini, bana, iache. Alafu ukifungua Lightroom, ile programu ya kuediti picha, kuna kile kitelezi cha kuondoa ukungu, watu wanakisukuma mpaka mwisho na wanafurahi, anga linakuwa zito, miti ya mbele inakuwa myeusi ti na rangi zinakolea kupita kiasi. Kisukume kidogo tu, na ukiweza kichague kifanye kazi kule mbali peke yake, huku mbele usiguse. Ile bluu ya mbali ipunguze kidogo kwa kuongeza joto la rangi, yani kuisogeza upande wa njano, huko huko mbali, ila usiimalize, maana milima ya mbali ni ya bluu kweli hata kwa macho. Na ikishindikana kabisa geuza nyeusi na nyeupe. Nasema kwa moyo wangu wote, Ngorongoro ya ukungu ikigeuzwa nyeusi na nyeupe na ukaongeza utofauti wa mwanga na kivuli kidogo kidogo, mara nyingi inapita ile ya rangi, ila watu wanaogopa wanasema ni picha ya msiba.

Kilimanjaro ina shida nyingine. Wengi mnakuja na picha ya mlima kutoka Moshi na mnasema mbona umekuwa mdogo, mlima wa mita 5,895 umekaa hapo kama kichuguu. Hilo ni lenzi. Lenzi kuu ya simu inaona upana mkubwa, inachukua na barabara na nguzo za umeme na migomba, kwa hiyo mlima unapewa sehemu ndogo ya picha. Unaweza kukropu, lakini kukropu kuna bei yake. Tuseme picha yako ina pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha, 4,000 kwa 3,000, hizo ndo megapikseli 12, yani pikseli milioni 12. Ukikata ukabaki na nusu ya upana na nusu ya urefu umebaki na 2,000 kwa 1,500, yani megapikseli 3, robo ya ulichokuwa nacho. Inatosha A3, yani karatasi mbili za A4, ya kutazamwa kwa hatua moja, A1 ambayo ni karatasi nane hapana. Kitu kingine angalia barafu ya Kibo, ikuze kwenye skrini uone kama ina mistari na vivuli au ni nyeupe tupu. Ikiwa nyeupe tupu imeungua, hamna wa kuirudisha, na kwenye karatasi nyeupe tupu maana yake hakuna wino, ni karatasi yenyewe unaiona, inaonekana kama mtu ametoboa mlima.

Twende kwenye hizo pikseli maana kuna uongo mwingi. Studio watakwambia lazima nukta 300 kwa inchi. Hiyo 300 ni ya picha unayoshika mkononi, sentimeta 30 kutoka machoni. Jicho la kawaida kwa mita moja halitofautishi zaidi ya nukta 90 hivi kwa inchi, kwa hiyo picha ya juu ya kochi ambayo hakuna anayeiangalia kwa chini ya mita moja, ukiwa na 120 au 130 uko vizuri. Ile picha ya pikseli 4,000 ukiikuza inchi 20 kwa 30 unapata kama nukta 133 kwa inchi. Inatosha! Kwa hiyo simu yako inatosha, mradi faili liwe lile la asili.

Na hapo ndo watu wanaharibu. Unapiga picha, unamtumia mdogo wako WhatsApp, simu inapotea au inajaa unafuta, mwaka ukiisha unamwomba mdogo wako akurudishie, inakuja na pikseli 1,600 upande mrefu kwa sababu WhatsApp kwa kawaida inaibana ikiwa njiani. 1,600 kugawa kwa inchi 30 ni nukta 53. Wengine wanakuja na skrinshoti ya picha yao wenyewe waliyoposti. Jamani. Kama lazima uitume kwa WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha, itafika kama ilivyo, au iweke kwenye flashi. Na zile simu zinazotangazwa megapikseli 50 au 108, nyingi ukipiga kawaida zinaunganisha pikseli na kukupa 12 tu, sio ubaya, zinapunguza chenga kwenye giza, ila usije ukadhani una hazina ambayo haipo.

Kuna dada hapa mbele ameniuliza kama kuediti sio kudanganya. Swali zuri. Kuna Mmarekani Ansel Adams, alipiga picha moja mwaka 1941 kule Hernandez, New Mexico, mwezi umetoka juu ya kijiji na makaburi, na aliendelea kuisafisha hiyo negativu moja kwa miaka mingi, nakala za mwanzo anga lina mawingu mepesi mepesi, za baadaye alilitia giza mpaka likawa karibu jeusi lote. Hakuongeza mwezi, hakuhamisha kijiji, alikuwa anaamua tu kila eneo lipate mwanga kiasi gani. Mi mpaka wangu ni huohuo. Mwanga na kivuli ruhusa, kunyoosha ruhusa, mfuko wa plastiki uliodakwa na kichaka toa tu. Kubandika anga la mtu mwingine, hapana, na sio kwa sababu ya dini, ni kwa sababu ikikuzwa itakuumbua, mawingu yanapigwa na jua upande wa kushoto na miti yako inapigwa upande wa kulia, mtu hatajua ni nini ila atahisi kuna kitu hakipo sawa.

Kabla hujaanza kuediti fanya vitu viwili kwenye simu. Zima ile modi ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano, maana ukiediti nayo utaongeza bluu ili kusawazisha na studio picha itatoka ya baridi kama ya mochwari. Alafu shusha mwanga wa skrini mpaka kama nusu. Watu wanaediti skrini ikiwa inawaka mpaka mwisho, wanaona picha ina mwanga wa kutosha, ikisafishwa inatoka ya giza wanamlaumu mwenye printa. Ukishaona kwenye hiyo nusu iko sawa, ongeza mwanga kidogo tena, hasa kwenye vivuli, kwa ajili ya karatasi. Kanvasi, yani picha ya kwenye kitambaa, inakula vivuli zaidi, iongezee.

Nyoosha upeo wa macho kwanza kabla ya kitu chochote. Paje na Jambiani ndo utaona umuhimu wake, kule maji yakipwa yanaenda mbali kabisa, unabaki na mchanga wenye mawimbi mawimbi, vijito, mashamba ya mwani, na mstari mmoja wa bahari huko mwisho. Huo mstari ukipinda hata kidogo, ikiwa inchi 30 ukutani bahari inamwagika, na fundi fremu ndo atasingiziwa kwamba kapigilia vibaya. Na rangi ya maji, nawaomba. Bahari ya Zanzibar tayari ni ya bluu na kijani ya kutosha, ukisukuma rangi unapata ndoo iliyomwagiwa bluu ya kufulia. Tena zile rangi kali za skrini wino hauzifikii, zikikolea sana printa inazibana zote kuwa rangi moja, kwa hiyo zile tofauti ndogo ndogo za maji ya kina na maji mafupi zinakufa. Punguza rangi uone vitu vinarudi.

Kuhusu kuongeza ukali, yani kunoa, simu zenyewe zimeshanoa kabla hujaiona picha. Kuza pale mlima unapokutana na anga, ukiona kauzi keupe kanafuata ukingo wa mlima ujue imenolewa mpaka imepitiliza, usiongeze, hako kauzi ukutani kanaonekana vizuri tu. Hizi programu za akili mnemba za kukuza faili nazo angalia majani, zinapenda kugeuza miti kuwa rangi ya kupakwa kwa brashi. Mara mbili sawa, zaidi ya hapo mi siziamini.

Vipimo msivisahau. Simu inapiga nne kwa tatu, fremu nyingi za madukani ni inchi 12 kwa 18 au 20 kwa 30, yani tatu kwa mbili, kwa hiyo kwenye zile pikseli 3,000 za kimo utapoteza 333, ama juu ama chini. Kata mwenyewe nyumbani ujue unapoteza nini, usimwachie kijana wa studio mwenye foleni, atakata katikati na kilele cha Mawenzi kitaondoka. Kama ni kanvasi ya kuzungushia mbao, acha sentimeta 4 au 5 kila upande ambazo zitakunjwa nyuma, kwa hiyo mtu aliyesimama ukingoni kabisa mwa picha atajikuta kwenye ubavu wa fremu.

Kabla ya kutoa hela ya ile kubwa omba kipande. Kama picha ya mwisho ni inchi 30 kwa pikseli 4,000, kata kipande cha pikseli 1,333, sehemu yenye mambo mengi, kisafishwe kwa inchi 10 kwenye karatasi ileile. Hicho kipande ni sawasawa na kitakavyokuwa ndani ya picha kubwa. Kipeleke nyumbani, kibandike ukutani kwa plasta, ukitazame mchana na usiku na taa yako, maana taa ya studio sio taa yako. Wakati huohuo bandika magazeti ukutani kwa saizi kamili ya picha. Wengi wanagundua walitaka kubwa zaidi, na wachache wanagundua ukuta wenyewe unapigwa na jua la dirishani kila jioni, na hapo picha yoyote itapauka, tafuta ukuta mwingine.

Kioo au bila kioo inategemea dirisha liko wapi. Likiwa linaangaliana na picha, karatasi ya kung'aa na kioo juu yake itakuwa kioo cha kujitazama, chukua karatasi isiyong'aa. Katikati ya picha iwe kama sentimeta 145 au 150 kutoka sakafuni, sisi tunapenda kuninginiza juu sana karibu na dari sijui kwanini, labda watoto.

Kaka wa Tanga aliuliza kuhusu unyevu, na hilo linawahusu wote wa pwani. Picha isigusane na kioo, ikigusana unyevu unaigandisha na siku ukitaka kuitoa inabaki na kioo. Mwambie fundi aweke kadi nene pembeni kuzunguka picha ili kuwe na nafasi kati ya picha na kioo, nyuma ya fremu kwenye kona za chini gundisha vipande viwili vya kizibo cha chupa ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, na masika yakiisha ishushe ufute mgongo wake kwa kitambaa kikavu, ukungu huwa unaanzia huko nyuma ambako hakuna anayeangalia.